Kutunza makanisa ya kale ya mawe na chokaa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya kamati za majengo, wazee wa kanisa, maparoko, na yeyote aliyekabidhiwa funguo za kanisa lililojengwa kabla babu yake hajazaliwa. Mifano mingi ni ya pwani na visiwani, kwa kuwa huko ndiko mawe ya matumbawe na chokaa yalikotumika zaidi. Kanisa la bara la matofali ya kuchoma lina mambo yake, lakini mengi yanafanana. Msimamo wetu utauona kila mahali, basi tuuseme mapema: makanisa ya namna hii yanaharibiwa na ukarabati wa haraka kuliko yanavyoharibiwa na umri.

Kanisa letu lilijengwa na Wajerumani. Je, tayari linalindwa na sheria?

Usidhani hivyo. Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, inahesabu majengo ya kabla ya mwaka 1863 kuwa ya kale moja kwa moja. Sasa piga hesabu: hata misheni ya Bagamoyo, ambayo ndiyo kongwe kuliko zote za Kikatoliki upande wa bara, ilianza 1868. Makanisa mawili makubwa ya Dar es Salaam yanayotazama bandari, Azania Front la Walutheri na Mtakatifu Yosefu la Wakatoliki, ni ya miaka ya mwisho ya karne ya 19 na mwanzo wa ile ya 20. Yote haya yako nje ya mstari huo, na jengo la umri wao hulindwa pale waziri anapolitangaza katika Gazeti la Serikali. Kwa hiyo swali la kupeleka Idara ya Mambo ya Kale ni moja tu: jengo letu limetangazwa au halijatangazwa? Ombeni jibu kwa maandishi.

Kuna jambo ambalo kamati nyingi hazilijui. Sheria hiyohiyo inagusa milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Kama nyumba ya mapadri ina mlango wa kuchonga na kuna mtu amekuja na bei nzuri, msimpe jibu kabla ya kuuliza.

Zanzibar mambo ni tofauti. Ukiwa ndani ya Mji Mkongwe, ambao umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, hata kubadilisha dirisha kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe. Kenya, mwenye neno ni Makumbusho ya Taifa, chini ya sheria ya mwaka 2006 ya makumbusho na urithi. Na popote ulipo, kibali cha mambo ya kale hakiondoi kibali cha halmashauri au kaunti, wala hakiondoi idhini ya mwenye mali, ambaye mara nyingi ni bodi ya wadhamini ya dayosisi au jimbo, si usharika wala parokia.

Tuna orodha ndefu ya mambo yaliyoharibika. Tuanze na lipi?

Maji. Kabla ya rangi, kabla ya lipu, kabla ya mabenchi, kabla ya mnara.

Subirini siku ya mvua kubwa ya masika, mchukue miavuli, mlizunguke kanisa mvua ikiwa inanyesha. Siku ya jua haikuonyeshi kitu. Angalieni maji yanatoka wapi kwenye paa na yanatua wapi. Gata imejaa majani, maji yanafurika na kutiririka ukutani? Bomba la kushushia maji limepasuka kwa nyuma, mahali msipopaona kutoka barazani? Maji yakifika chini yanakwenda mbali na ukuta au yanarudi kwenye msingi? Makanisa mengi yamezungukwa na udongo uliopanda kidogokidogo kwa miaka mia: maua yamepandwa, kifusi kimesawazishwa, njia imemwagiwa zege, na leo ardhi ya nje iko juu kuliko sakafu ya ndani. Hapo ukuta unakunywa maji kila msimu. Kuchimba na kuuteremsha udongo huo hadi uwe chini ya sakafu, kisha kuuinamisha uelekee nje, ni kazi ya vijana wa usharika kwa Jumamosi kadhaa, na faida yake inazidi ile ya lipu mpya ya mamilioni.

Baadaye ingieni ndani. Doa lililoko juu karibu na dari linatokana na paa au gata. Doa linaloanzia sakafuni na kupanda hadi kiunoni au kifuani linatokana na ardhi. Doa lililo katikati ya ukuta, peke yake, mara nyingi ni bomba la maji lililopitishwa ukutani miaka ya karibuni. Andikeni kila doa, mpige picha, muweke tarehe. Msimu unaofuata mlinganishe.

Kwa nini kila mtaalamu anatukataza saruji? Fundi wetu anasema chokaa ni ya zamani na haina nguvu.

Fundi yuko sawa kwamba chokaa ni laini. Hiyo laini yake ndiyo inayotakiwa.

Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi na si gumu sana. Ukuta wa pwani wa unene wa nusu mita au zaidi umejengwa kwa mawe hayo yaliyopangwa ndani ya udongo na chokaa, na unafanya kazi kwa kupitisha unyevu: unalowa mvua ikinyesha, unakauka jua likitoka. Lipu ya chokaa inaruhusu hewa na mvuke kupita, na nyumba ikitikisika kidogo nayo inajikunja bila kupasuka vibaya. Ukiifunika kwa lipu ya saruji, unaziba njia ya kukaukia. Maji yanaendelea kuingia kupitia nyufa nyembamba za saruji hiyohiyo, kutoka chini, na kutoka juu, ila hayana pa kutokea. Yanabeba chumvi, nayo pwani imejaa: imo ndani ya matumbawe, imo hewani, na wakati mwingine imo kwenye mchanga uliochotwa ufukweni. Maji yakikauka nyuma ya saruji, chumvi inaganda kuwa fuwele, fuwele zinavimba, na uso wa jiwe unasagika kuwa unga. Siku moja bamba zima la lipu linaanguka likiwa na unene wa sentimita tatu za jiwe nyuma yake. Saruji imebaki nzima, jiwe ndilo limeliwa.

Mnaweza kujipima wenyewe bila maabara. Gongeni lipu kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua, mkisikiliza. Palipo pazima sauti ni kavu na fupi; palipobanduka inaitika kama sanduku tupu. Zungushieni chaki. Kisha chukueni msumari mkwaruze mahali pasipoonekana. Chokaa inakwaruzika na kutoa unga mweupe au wa rangi ya maziwa. Saruji inatoa mstari wa kijivu na mkono unauma. Kwa saa moja mtakuwa na ramani ya ukuta mzima: wapi ni lipu ya asili, wapi ni kiraka cha miaka ya sabini, wapi pamebanduka.

Kuhusu lipu ya saruji iliyokwishapigwa, msikimbilie kuibandua yote. Iliyoshika sana ikivunjwa kwa patasi inang'oa uso wa jiwe. Ondoeni iliyokwisha kubanduka, mzibe kwa chokaa, na mingine muiache mpaka ilegee yenyewe.

Mbona basi Askofu Steere alitumia saruji kwenye Kanisa la Mkunazini?

Swali zuri, na huulizwa na watu waliokwishafika Unguja. Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana, ndilo hilo la Mkunazini, lilianza kujengwa mwaka 1873 palipokuwa na soko la watumwa, mwaka uleule Sultani Barghash alipolifunga. Edward Steere, huyuhuyu wa sarufi ya Kiswahili na wa kutafsiri Maandiko, hakutaka paa la mbao. Akajenga kuba refu la zege, matumbawe yaliyopondwa yakichanganywa na saruji, na wengi waliona litawaangukia. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya 1877, na kuba lingali juu hadi leo. Steere mwenyewe alifariki 1882 na amezikwa nyuma ya altare.

Kwa hiyo saruji si mgeni katika majengo haya. Lakini angalieni alichokifanya: alibuni kuba zima kwa kitu kimoja, tangu mwanzo, akijua litabeba nini. Hilo si sawa na kuchukua ukuta wa chokaa wa miaka 130 na kuuvalisha koti la saruji. Hata hivyo kuba lenyewe halikukosa dhiki. Katika miaka ya 2010 kanisa hilo lilifanyiwa ukarabati mkubwa, World Monuments Fund, shirika la kimataifa la kuhifadhi majengo ya kale, ikishirikiana na Dayosisi, kwa msaada wa fedha za Umoja wa Ulaya, na maji yaliyokuwa yakipenya kutoka juu yalikuwa miongoni mwa matatizo makuu.

Fundisho la kikazi ni kwamba kila jengo lisomwe kwanza. Kanuni ya "chokaa tu" ina nafasi yake, lakini kama sehemu fulani ilijengwa kwa saruji tangu siku ya kwanza, mhandisi aamue namna ya kuitibu.

Chokaa tunaipata wapi, na inaandaliwaje?

Zamani kila mji wa pwani ulikuwa na tanuri la chokaa. Magogo, mara nyingi ya minazi, yalipangwa kwa duara, mawe ya matumbawe yakawekwa juu, moto ukawashwa, na kesho yake palibaki rundo jeupe. Joto likifika karibu nyuzi 900 za Selsiasi, hewa ya ukaa inatoka kwenye jiwe na kuacha chokaa hai. Bado kuna wachomaji, ila msiagize bila kuuliza jiwe linatoka wapi: matumbawe hai yaliyovunjwa baharini ni uharibifu wa makazi ya samaki, na hakuna sababu ya kuyatumia wakati mawe ya nchi kavu yapo.

Chokaa hai ikifika, inazimuliwa kwa maji. Hapa sikilizeni vizuri: maji yatangulie pipani, chokaa ifuate kidogokidogo. Msimwage maji juu ya rundo la chokaa. Dakika ya kwanza hakuna kinachotokea, na anayeona mara ya kwanza hudhani ameuziwa jivu. Halafu mawe yanaanza kupasuka, maji yanachemka kwa nguvu, mvuke unapanda, na uji mweupe unarukaruka hadi nje ya pipa. Tone moja jichoni linaweza kumpofusha mtu. Miwani ya kazi, glavu, mikono mirefu, ndoo ya maji safi pembeni, na watoto wa shule ya Jumapili wawe mbali kabisa.

Uji huo ukichujwa na kuachwa chini ya maji unakuwa laini mfano wa siagi. Wiki tatu ni za chini kabisa; miezi mitatu ni bora zaidi, na ukikaa mwaka haupotezi kitu mradi maji yaufunike. Hiyo ndiyo sababu chokaa iandaliwe mapema kuliko jambo jingine lolote kwenye ratiba yenu. Kamati zinazoanza kutafuta chokaa siku mkandarasi anapoingia eneo la kazi ndizo zinazoishia kununua saruji.

Mchanganyo wa kawaida wa lipu ni kipimo 1 cha chokaa kwa 3 vya mchanga mkali wa mtoni uliooshwa. Mchanga wa baharini haufai kwa sababu ya chumvi. Mahali penye unyevu mwingi mafundi huongeza unga wa matofali ya kuchoma uliochekechwa, nao husaidia chokaa kushika hata pasipo na hewa ya kutosha. Ukuta ulowekwe kwanza, lipu ipigwe kwa tabaka nyembamba za kama sentimita moja, na kila tabaka ifunikwe kwa magunia mabichi ili isikauke kwa jua la saa saba mchana. Chokaa haigandi kwa kukauka. Inaganda kwa kurudisha hewa ya ukaa kutoka hewani, pole pole, na bila unyevu haiwezi. Lipu iliyokauka siku moja itaporomoka kama unga, na fundi ataitukana chokaa.

Mfuko wa chokaa ya unga wa dukani unaweza kutumika? Ikiwa ni mpya na haijaingia hewa, ndiyo: ilowekeni, iache ilale. Ikiwa imekaa ghalani miaka miwili imekwisha kufa.

Tumeona ufa. Kanisa litaanguka?

Inategemea kama ufa unatembea. Ufa wa zamani uliotulia una kingo zilizojaa vumbi, rangi na utando wa buibui. Ufa mpya ni msafi ndani. Bandikeni kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa lipu ngumu pande mbili, muandike tarehe ukutani. Kioo kikivunjika, ukuta unahama. Au chorea mistari miwili ya penseli pande mbili za ufa na kupima umbali kila mwezi kwa mwaka mzima, kwa kuwa udongo wa mfinyanzi unavimba masika na kusinyaa kiangazi, na ufa unaofunguka na kufunga kwa msimu si sawa na ule unaofunguka tu.

Mwiteni mhandisi mara moja, bila kungoja kioo, mkiona ukuta umetoa tumbo, ufa mpana juu kuliko chini penye pembe ya jengo, kenchi zilizotoka kwenye vikalio vyake, au mawe ya tao yaliyoshuka. Fungeni eneo hilo. Ibada ihamie chini ya mwembe.

Na ishara ndogo isipuuzwe kwa sababu jengo ni maarufu. Beit al-Ajaib ya Unguja, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, liliporomoka sehemu ya baraza mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele pamoja na mnara ikaanguka wakati jengo likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Jengo lililochoka huwa katika hatari kubwa zaidi wakati wa matengenezo, kwa maana ndipo mihimili inapotolewa, uzito unapohamishwa na watu wanapokuwa ndani. Mwombeni mkandarasi aonyeshe mpango wa kuegemeza kuta kabla hajagusa nguzo hata moja.

Mti umeota ukutani, tuung'oe?

Ukiwa mchanga wa vidole viwili, ndiyo, pamoja na mizizi. Ukiwa mkubwa, hasa jamii ya mtini, msivute. Mizizi imeshajisokota kati ya mawe na ukivuta utaondoka na ukuta. Kateni shina, mpake dawa ya kuua kisiki kwenye kidonda kilekile siku hiyohiyo, mwache ufe wenyewe kwa miezi, kisha mtoe kipande kipande huku mkijaza chokaa.

Popo na mchwa?

Popo: subirini watoto wao wawe wanaruka, zibeni matundu jioni wakishatoka, acheni tundu moja la kutokea kwa siku kadhaa, kisha lizibeni. Kinyesi chao kisifagiliwe kikavu bila barakoa. Mchwa: fuateni njia zao za udongo hadi chini mjue wanaingilia wapi. Kupuliza dawa juu ya boriti wakati maji yanavuja juu yake ni kupoteza hela, kwa kuwa mchwa hufuata mbao iliyolowa.

Boriti ya mkoko iliyooza kwenye ncha, pale inapoingia ukutani, si lazima itolewe yote. Ncha inaweza kukatwa na kuungwa. Urefu wa mikoko ndio uliopanga upana wa vyumba vya nyumba za mawe, karibu mita 3 tu, kwa hiyo boriti mpya za kulingana bado zinapatikana kwa wenye kibali cha kuvuna.

Tubadilishe vigae vya paa tuweke mabati?

Inaeleweka kwa nini mnauliza: bati ni rahisi na linapatikana kila mji. Kama kanisa lilikuwa na bati tangu mwanzo, wekeni bati, zuri, la geji nzito, na misumari yenye mpira. Kama lilikuwa na vigae, kumbukeni kwamba kenchi na kuta zimezoea uzito ule. Paa likiwa jepesi ghafla, upepo wa kusi unaweza kulinyanyua kama halikufungwa vizuri ukutani. Vilevile joto na kelele za mvua: mhubiri atajua tofauti siku ya kwanza. Mara nyingi vigae vyenyewe ni vizima na kilichooza ni papi zinazovishikilia. Shusheni, hesabuni vizima, rudisheni vizima upande unaoonekana na vipya upande wa nyuma.

Kwenye paa hilohilo wekeni kinga ya radi, na muikague kila mwaka. Kanisa Kuu la Namirembe, Kampala, liliungua kwa radi mwaka 1910, na mojawapo ya yaliyolitangulia liliangushwa na dhoruba mwaka 1894. Lililopo leo lilianza kujengwa 1915.

Mfadhili ametupa rangi bure. Tuikatae?

Ikiwa ni rangi ya mafuta au rangi ya maji ya plastiki kwa ajili ya kuta za chokaa, mwombeni kwa heshima aibadilishe. Mwambieni gharama ileile inatosha kulipia magata. Rangi ya plastiki inafanya kazi ileile ya saruji: inafunga ukuta, na baada ya misimu miwili inavimba malengelenge. Chokaa ya kupaka, tabaka nne au tano nyepesi kama maziwa, kila moja ikipakwa juu ya ukuta uliolowekwa, inapumua na inarudiwa kwa bei ndogo kila baada ya miaka michache. Ndiyo, inapakaza nguo za waumini wanaoegemea. Wekeni ubao wa kuegemea nyuma ya mabenchi ya pembeni.

Tunataka kuweka tailizi, feni na spika. Ibada ni ya watu wa leo.

Kweli kabisa, na kanisa lisilosaliwa huharibika haraka kuliko linalotumika. Feni na spika zifungwe kwenye mbao au kwa vibano, si kwa kutoboa nguzo za mawe. Nyaya zipite juu ya ukuta ndani ya bomba dogo lililopakwa rangi ya ukuta, zisichimbiwe ndani. Fundi umeme awe na leseni. Moto mwingi wa majengo ya kale huanzia kwenye nyaya, na mwingine kwa mafundi wanaochomelea paani.

Tailizi ni habari nyingine, na hapa hatuna upole. Sakafu ya zamani ya chokaa au vigae vya udongo inaruhusu unyevu wa ardhini kutoka polepole eneo lote. Ukiifunika kwa tailizi juu ya zege, unyevu wote unasukumwa pembeni na kupanda kutani. Ukuta uliokuwa mkavu miaka mia unaanza kuchanua chumvi miaka miwili baada ya harambee ya tailizi. Kwenye madhabahu, kama hamna budi, tumieni mawe au vigae vya udongo vilivyolazwa kwa chokaa.

Waliojenga walikosea mahali. Turekebishe?

Mkunazini kuna nguzo 12 karibu na mahali pa ubatizo ambazo, kama inavyosimuliwa, mafundi walizisimamisha kichwa chini Steere akiwa safarini. Aliporudi aliziacha. Leo kila mwongoza watalii anazionyesha, na hakuna mtu mwenye akili atakayezigeuza. Kosa lisilohatarisha jengo ni sehemu ya historia yake. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wengi wanaufuata, unasema urejeshaji ukome pale ubahatishaji unapoanza. Kama hamna picha wala mchoro wa madhabahu ya mwaka 1905, msibuni ya "kizamani".

Waumini wameongezeka, tunahitaji nafasi. Tuvunje ukuta mmoja?

Tazameni Bagamoyo. Kanisa la misheni la mwaka 1872, ambalo mnara wake ulihifadhi mwili wa mmisionari David Livingstone Februari 1874 kabla haujavushwa kwenda Unguja, lilikuja kuwa dogo. Mapadri wa Roho Mtakatifu hawakulivunja. Walijenga jipya pembeni kati ya 1910 na 1914, na leo yote mawili yanatembelewa. Kiwanja kikiruhusu, hiyo ndiyo njia. Kisiporuhusu, ongezeni ibada ya pili asubuhi kabla ya kuongeza ukuta.

Pesa zinatoka wapi?

Kwa uzoefu wetu, wafadhili wa nje hutaka vitu vitatu: hati ya umiliki, ripoti ya hali ya jengo iliyoandikwa na mtaalamu, na mpango wa matunzo baada ya mradi. Kamati nyingi hazina hata kimoja. Anzeni na ripoti. Gharama yake inaweza kuchangwa na usharika wenyewe. Kisha fungueni mfuko wa jengo uliotengwa na sadaka za kawaida, hata kama unaingia kidogo kila mwezi, kwa ajili ya kusafisha magata mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Makusanyo ya watalii yasaidie huko kwanza.

Tumchague vipi fundi?

Msimchague kwa bei ya chini. Mwombeni apige lipu ya chokaa kipande cha mita moja kwa moja ukutani, mahali mtakapomwonyesha, na mrudi kukitazama baada ya mwezi. Kikiwa hakina nyufa na hakitoi unga mkikisugua, mna fundi. Kipande hicho kiandikwe katika mkataba kuwa ndicho kipimo cha kazi nzima. Andikeni pia kwamba mfuko wa saruji hautaingia eneo la kazi bila idhini ya maandishi. Wazee wa chokaa wapo Unguja, Lamu, Mombasa na Bagamoyo. Wengi wana vijana wachache wa kuwafundisha, basi wekeni nafasi mbili za wanagenzi katika bajeti.

Nyaraka zipi tutafute kabla ya kuanza?

Picha za harusi na kipaimara za miaka ya nyuma, kwa kuwa nyuma ya maharusi ndipo mlango wa asili, sakafu na madirisha vinapoonekana. Albamu za familia kongwe za usharika zina mengi kuliko ofisi. Kisha daftari za parokia, na barua za wamisionari: mapadri na wachungaji wa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza waliripoti makao makuu yao karibu kila mfuko wa chokaa na kila sanduku la vioo vya rangi. Mashirika yao bado yana hifadhi Ulaya na hujibu barua. Ombeni nakala mapema, maana majibu huchukua miezi, na bajeti isiandikwe kabla hazijafika.